Uzi maalumu: Kukusanya sarafu za fedha za Olimpiki na Kombe la Dunia

Mnazi Mrefu

Wakuu, heshima kwenu.

Nyuzi za sarafu zipo, lakini kila mara zinaishia kwenye rupia za Mjerumani na senti za mkoloni. Nimeona nifungue uzi wa peke yake kwa ajili ya sarafu za madini ya fedha zenye mambo ya michezo, zile za kuanzia miaka ya 1950 kuja huku. Mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuingia humo taratibu bila kuumia, na nyingi zina historia inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Anayeanza achukue sarafu ya nchi iliyoandaa michezo yenyewe, yenye mwaka wa michezo hiyo au miaka ya karibu, na ainunue kwa bei isiyokwenda mbali na thamani ya madini yake. Boksi la mbao, cheti, rangi za kuchapwa juu ya sarafu na maneno ya "toleo la wachache" yatakuja baadaye, au yasije kabisa.

Sarafu ya kwanza ya Olimpiki kwa zama zetu ni ya Finland, markka 500, kwa ajili ya michezo ya Helsinki ya 1952. Uzito gramu 12, nusu yake fedha. Zipo zilizoandikwa 1951 na zilizoandikwa 1952. Za 1951 zilipigwa chache mno, ndiyo maana bei zake ziko juu kabisa kuliko za hizo nyingine. Ukiletewa ya 1951 kwa bei ya 1952, jiulize maswali.

Tokyo 1964. Wajapani walitoa yen 1000 yenye Mlima Fuji na maua ya mcheri, gramu 20, fedha ya 925 (yaani sehemu 925 kwa 1000), vipande milioni 15. Ni sarafu tulivu, haina mbwembwe. Kwenye michezo hiyo Wilson Kiprugut alichukua shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya, nchi ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru.

Sasa Mexico 1968, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu hii ndiyo naipenda kuliko zote. Ni peso 25, gramu 22.5, fedha ya 720, kipenyo milimita 38, kwa hiyo inajaa kiganjani. Upande mmoja kuna tai wa Mexico kamshika nyoka. Upande wa pili yupo mchezaji wa ule mchezo wa mpira wa watu wa kale wa Mexico, kajikunja mwili mzima kuufuata mpira, na chini yake zipo pete tano za Olimpiki. Hawakuhitaji kuiga sanamu za Ugiriki, walichukua mchezaji wa kwao. Kwa macho yangu hakuna sarafu ya Olimpiki iliyoifikia kwa uzuri.

Na mwaka ndio ule. Naftali Temu dhahabu ya mita 10,000. Kipchoge Keino dhahabu ya 1500 mbele ya Jim Ryun. Amos Biwott dhahabu ya kuruka viunzi na maji. Kiprugut tena, safari hii medali ya fedha ya mita 800. Na John Stephen Akhwari wetu, aliyeanguka kwenye marathoni akaumia goti, lakini akaingia uwanjani usiku na bandeji mguuni zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde kushinda. Sarafu hiyo ilipigwa kwa mamilioni, kwa hiyo si adimu. Wauzaji wanaojua biashara yao wanaiuza kwa bei ya madini na nyongeza kidogo.

Kwa wanaopenda kuchunguza: ziko aina tatu. Angalia zile pete tano. Aina ya kawaida pete zimekaa kwenye mstari sawa. Aina ya pili pete ya katikati imeshuka. Ya tatu pete imeshuka vilevile, ila geuza upande wa tai uone ulimi wa nyoka, ni mrefu na umepinda. Mbili za mwisho zina bei zaidi, na wauzaji wengi hawaangalii. Chukua kioo cha kukuza, kaa karibu na dirisha.

Munich 1972 na Montreal 1976 nitazileta kwenye majibu. Karibuni, mwenye picha aweke.

Kijana wa Kirumba

Mkuu uzi mzito huu, nimekaa mbele kabisa. Swali langu moja: tutajuaje kwamba ni fedha kweli? Huku kwetu kila kinachong'aa kinaitwa fedha, na mtandaoni naona watu wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Sumaku inatosha?

Mnazi Mrefu

Ndugu yangu Kirumba, sumaku haitoshi. Inakamata chuma, na nikeli tupu. Shaba nyeupe, ile ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, sumaku haiishiki, na sarafu bandia nyingi ni za shaba iliyochovywa fedha.

Cha kwanza ni mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Uzito wa kila sarafu rasmi unajulikana. Ukipima peso 25 ukapata gramu 19, mazungumzo yameisha.

Cha pili ni maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, ishushe hadi izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayosomeka kwa gramu ni ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito wake wa kawaida kwa namba hiyo. Fedha tupu inatoa karibu 10.5, fedha ya 925 inatoa karibu 10.36, ya 900 karibu 10.3, ya 720 karibu 10. Shaba nyeupe inaishia 8.9 na hapo hakuna ujanja. Chukua peso 25: gramu 22.5, ndani ya maji inatakiwa isome karibu 2.25. Ikisoma 2.5 hiyo si fedha ya 720.

Tafadhali usikubali mtu aisugue kwenye jiwe la kupimia dhahabu wala kuidondoshea tindikali. Utajua madini yake, ila umeshaiua sarafu.

Hesabu ya bei nayo ni ya darasani tu. Uzito zidisha kwa kiwango cha fedha, gawanya kwa 31.1 upate aunsi. Peso 25: 22.5 mara 0.720 ni gramu 16.2, sawa na aunsi 0.52. Zidisha kwa bei ya fedha ya siku hiyo. Fanya hesabu hii kabla hujamjibu muuzaji.

Nipo Bremen

Salaam kutoka baridini. Naomba niongezee ya Munich maana huku ndiko ziliko, kwenye magulio ya vitu vya mitumba zinakaa kwenye mabakuli.

Ni Mark 10, gramu 15.5, fedha ya 625, na kwa jumla zilipigwa kama milioni 100 katika matoleo sita. Ziliuzwa kwa thamani ileile iliyoandikwa juu yake, na tofauti kati ya hiyo Mark 10 na gharama ya kuipiga ikasaidia kulipia michezo. Toleo la kwanza liliandikwa kwamba michezo itafanyika "in Deutschland". Ujerumani Mashariki ikaja juu, kwa sababu Olimpiki hupewa mji, na Ujerumani wakati huo zilikuwa mbili. Wakabadilisha maandishi yakawa "in München". Mchoro uleule, neno moja tofauti. Ukizipata zote mbili ukaziweka pamoja, unaiona siasa ya zama zile kwenye kipande cha milimita 32.

Halafu tafuta herufi ndogo: D ni Munich, F ni Stuttgart, G ni Karlsruhe, J ni Hamburg. Watu wanakusanya michoro yote kwa herufi zote nne.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: Benki Kuu ya Ujerumani bado inabadilisha Mark bila kikomo cha muda, Mark 10 unapewa euro 5.11. Maana yake sarafu hii ina sakafu, haiwezi kushuka chini ya hapo. Ila fanya hesabu ya madini kwanza kabla ya kuipeleka benki. Ndani yake kuna gramu 9.7 za fedha.

Mnazi Mrefu

Bremen, ubarikiwe sana ndugu yangu. Na Munich ndiko John Akii-Bua wa Uganda alikokimbia mita 400 viunzi kwenye njia ya ndani kabisa, ile ambayo wakimbiaji wanaikwepa, akashinda kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, mtu wa kwanza kushuka chini ya 48. Keino naye akachukua dhahabu nyingine kwenye viunzi na maji. Hiyo Mark 10 yenye picha ya uwanja kutoka juu, mimi nikiitazama nawaona hao wawili.

Montreal niimalize hapa. Kanada walitoa sarafu 28 kati ya 1973 na 1976, dola 5 na dola 10, zote fedha ya 925. Dola 10 ni pande la gramu 48.6, upana milimita 45, aunsi 1.44 za fedha tupu. Dola 5 ni nusu yake kamili. Kwa uzito wa madini ni seti chache za Olimpiki zinazokupa mzigo kama huu. Lakini kwetu ni sarafu ya maumivu. Nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo ile kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Filbert Bayi, mwenye rekodi ya dunia ya 1500, hakukutana na John Walker. Walker, huyohuyo wa New Zealand, akachukua dhahabu. Mimi ninayo dola 10 moja na sina mpango wa kuiuza, kwa sababu tulichokipoteza mwaka ule nacho ni historia yetu.

Binti Kisauni

Hamjambo nyote. Mie niko Mombasa na natoa tahadhari kwa wa pwani wenzangu. Hewa yetu hii ya unyevu, chumvi na joto huzifanya sarafu ziwe nyeusi upesi. Watu wakiziona hivyo hukimbilia ndimu na majivu, au dawa ya meno na mswaki. Jamani, msifanye hivyo. Sarafu inayosuguliwa hupata mikwaruzo midogo midogo ambayo mnunuzi aliyezoea huiona papo hapo akiigeuza kwenye mwanga, na bei hushuka hadi ya chakavu.

Weusi wenyewe si kutu ya kuila sarafu, ni salfa iliyoshikana na fedha. Ukitulia sawasawa huwa na rangi za kibuluu na dhahabu ambazo wengine huzilipia zaidi. Adui wa kweli ni zile pochi laini za plastiki zenye harufu kali. Hutoa ute wa kijani unaonata, na huo ndio huila sarafu. Ukiukuta, ichovye sarafu kwenye asetoni safi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato. Mbali na moto, dirisha wazi, kisha iache ikauke yenyewe bila kufuta. Halafu iweke kwenye kibweta kigumu, na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu. Usiifunge kwa mpira wala kuizungushia gazeti. Na ishikwe ukingoni, si usoni.

Swali langu kwa kaka Mnazi: kuna mtu ataka kuniuzia sarafu ya Kongo, faranga 10, ina picha ya mchezaji wa mpira. Asema ni fedha. Niichukue?

Mnazi Mrefu

Dada Kisauni, maelezo hayo kila mwenye sarafu ayahifadhi.

Kuhusu Kongo: tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 zimetolewa faranga 10 nyingi sana za wakusanyaji kwa jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, za wanyama, meli, michezo, kila kitu. Baadhi ni fedha halisi, nyingine zimechovywa tu. Uganda nayo ina nyingi za aina hiyo. Hazikupigwa Kinshasa wala Kampala, na hakuna mama aliyewahi kununulia mihogo sokoni kwa sarafu hizo. Jina la nchi hukodishwa, kampuni ya Ulaya ikapiga sarafu, ikauzwa Ulaya. Soma ukingo na uso wake vizuri. Ya fedha mara nyingi ina alama ya kiwango kama 925 au 999. Pima uzito, pima kwenye maji. Ikipita, ilipie kama fedha, basi. Usilipe zaidi kwa ajili ya jina la Kongo.

Ukitaka sarafu ya mpira wa miguu yenye mizizi ya Afrika, tafuta za Afrika Kusini kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2010. Randi 2, fedha ya 925, gramu 33.6, ndani yake aunsi moja kamili. Nchi iliyoandaa, kiwanda cha kwao, Kombe la Dunia la kwanza kwenye ardhi ya Afrika.

Mchambuzi Huru

Wakuu samahani, nitakuwa tofauti. Kama lengo ni fedha, kwa nini mtu asinunue vipande vya aunsi moja tu, vya 999, akaweka? Havina hadithi, lakini vinauzika popote. Hizi za michezo ukitaka kuuza utazunguka mji mzima, na sonara atakupa bei ya kuyeyusha.

Mnazi Mrefu

Mchambuzi, hoja yako ni nzito. Anayeweka akiba ya ada za watoto anunue vipande hivyo, sitambishia. Na historia inakuunga mkono: Januari 1980 bei ya fedha ilikaribia dola 50 kwa aunsi, na sarafu nyingi za kumbukumbu ziliishia kwenye tanuru.

Lakini huo moto ndio unaonifanya nizitafute. Aliyeyeyusha alipata hela yake siku hiyo, na idadi iliyopigwa haituambii tena ngapi zimebaki. Pia tofauti ya bei si kubwa kama unavyodhani ukifuata kanuni niliyoiweka mwanzo. Peso 25 au dola 10 ya Montreal unaipata karibu na bei ya madini, kwa hiyo hadithi unapewa bure. Kinachowaumiza watu ni kununua mpya kutoka kiwandani kwa bei mara tatu ya madini yake. Marekani walipoandaa Atlanta 1996 walitoa sarafu nyingi mno hadi wakusanyaji wakachoka, na mauzo ya baadhi yakawa duni. Ajabu ni kwamba zile zilizododa leo ndizo chache.

Sisemi za kisasa zote ni mbaya. Dola ya fedha ya besiboli ya 2014 ya Marekani imepinda, upande mmoja umebonyea kama kiganja cha glavu na mwingine umetuna kama mpira wenyewe, na zile 400,000 ziliisha. London 2012 walitoa peni 50 kwa michoro 29, mchezo mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja una toleo la fedha. Ule wa riadha, wenye mrukaji, ulichorwa na mtoto wa miaka 9 aliyeshinda shindano la televisheni. Kwenye michezo ile Rudisha alikimbia 800 kwa 1:40.91 na Kiprotich akaipa Uganda dhahabu ya marathoni. Hiyo ya riadha naitafuta mpaka leo.

Baba Neema

Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. Nimesoma uzi wote. Marehemu baba yangu alisoma Urusi na alirudi mwanzoni mwa miaka ya 80. Kwenye sanduku lake kuna sarafu kubwa imeandikwa CCCP na 10, upande wa pili mabondia wawili na kitu kama mnara wenye nyota. Nilidhani ni medali. Nina mizani ya duka la dawa hapa jirani. Nipime nini?

Mnazi Mrefu

Marahaba Baba Neema, na pole kwa mzee.

Hiyo ni rubo 10 ya Moscow 1980, na huo "mnara" ni nembo ya michezo, njia za kukimbilia zinazopanda hadi kwenye nyota, chini yake pete tano. Umoja wa Kisovieti (ndiyo hiyo CCCP) ulitoa sarafu 28 za fedha ya 900 kati ya 1977 na 1980: 14 za rubo 5, 14 za rubo 10. Walichanganya michezo ya Olimpiki na ile ya watu wao, kwa mfano mbio za kulungu wa theluji, kuvutana kamba, na ile ya kijana kumkimbiza msichana kwa farasi. Mwaka kwenye ya ndondi usome 1979. Uzito gramu 33.3, na ndani ya maji isome karibu 3.23. Tafuta pia herufi tatu ndogo za Kirusi: zikianza na M imepigwa Moscow, zikianza na ile inayofanana na V iliyogeuzwa imepigwa Leningrad.

Hiyo michezo kwetu Tanzania ndiyo yenyewe. Marekani ilimtuma Muhammad Ali hadi Dar es Salaam kutushawishi tususie, Mwalimu akakataa kuonana naye, na timu ikaenda. Bayi akachukua fedha ya mita 3000 viunzi na maji, aliongoza kwa kasi sehemu kubwa ya mbio hadi Malinowski wa Poland akampita mwishoni. Suleiman Nyambui akachukua fedha ya mita 5000 nyuma ya Miruts Yifter. Ndizo medali zetu mbili. Na kwa kuwa unayo ya mabondia: John Mugabi wa Uganda alifika fainali Moscow akachukua fedha ya ndondi.

Baba Neema

Nimetoka kupima. Juu ya mizani 33.28. Kwenye maji 3.2. Mwaka ni 1979 na herufi zinaanza na hiyo V iliyogeuzwa. Fundi wa saa aliyekuwepo pale dukani alikwishaanza kunitajia bei, nimeirudisha mfukoni. Sasa nataka ya mbio, ya kina Bayi. Ipo?

Mnazi Mrefu

Hongera, hiyo ni halali na ni ya Leningrad.

Ya mbio ipo, ni rubo 5 ya 1978, mkimbiaji. Ni ndogo kuliko hiyo yako: gramu 16.67, kwenye maji isome karibu 1.62. Haina uadimu wa kutisha, kwa hiyo usikubali bei ya juu. Muuzaji akikutumia picha, dai pande zote mbili na ukingo, na mwambie aiweke juu ya mizani kwenye picha hiyohiyo. Ukiipata ilete hapa tuisome wote.